Mafuta ya Jumatatu

Siku ya nne baada ya kumzika mume wangu, mashine ya kufulia ya mjukuu wangu Neema ilianza kunuka kuungua. Nyumba yake ya hapa Mbeya ilikuwa imelaza wageni wa msiba sebuleni, koridoni, hata chini ya meza ya kulia, na walipoondoka walituachia mlima wa blanketi zenye harufu ya moshi. Neema alizisukumia ndani ya mashine kadiri zilivyoingia. Mimi nilikuwa jikoni nachambua maharage, kazi niliyopewa ili nisikae bure na mawazo. Harufu ilinifikia kabla ya mtu mwingine yeyote. Haikuwa harufu ya waya. Waya ukiungua unachoma pua. Hii ilikuwa nzito, kama tairi ya baiskeli iliyotupwa kwenye moto wa takataka. Nikasema, "Neema, zima hiyo mashine."

"Bibi, zimebaki dakika kumi na mbili tu."

"Izime, mwanangu."

Akaizima, na hapo hapo maneno yakaanza. Neema alisema aliyejaza sana ni wifi yake. Wifi yake akasema yeye aligusa sabuni tu, tena kwa ncha ya kijiko, na kama kuna mtu wa kuulizwa ni dada wa kazi, ambaye jana alionekana akiisogeza mashine ili apige deki. Dada wa kazi akanyamaza, na kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa jibu. Haikupita hata robo saa, kila mtu mle ndani alikuwa na mtu wake wa kumshuku. Nilisikia yote kupitia ukuta, na machozi ambayo hayakunitoka makaburini yakanitoka juu ya sinia la maharage. Wakaja kunishika mabega. "Pole, bibi, babu amepumzika." Sikuwasahihisha. Aliyenitoa machozi saa ile si mume wangu, ni baba yake, na kitu nilichomtendea Iringa mwaka nilipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa.

Jina lake sitaliandika. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana halitaji jina la baba mkwe wake, hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja, hapiti mbele yake. Wakikutana njiani, mwanamke huchepuka, hujifunika kichwa na kuinama akiwa amempa mgongo mpaka mzee apite. Ujumbe hupitia kwa mtu wa tatu. Tulikuwa Wakristo, na tayari wapo waliokuwa wameanza kulegeza mambo hayo, lakini yeye hakulegeza, na mimi nilikuwa mwoga zaidi yake. Basi nitamwita Dobi, kama alivyoitwa na wote pale nyumbani.

Alikuwa amewafulia wazungu wale tangu wakiwa Mbeya, na bwana alipohamishiwa Iringa alihama nao pamoja na pasi yake ya mkaa. Mimi nililetwa baadaye, memsabu alipojifungua na kutaka mwanamke wa kushughulikia nepi. Mume wangu, aliyekuwa utingo wa lori lililopita kati ya Mbeya na Iringa, ndiye aliyelisikia hilo na kunipeleka. Hakufikiri sana. Alifikiri mke na baba wakiwa sehemu moja, atatupitia wote kwa safari moja. Nilipofika na kuambiwa ni nani anayepiga pasi chumba cha pili, nilitaka kurudi na lori lile lile.

Nyumba ilikuwa juu kilimani, kati ya yale mawe makubwa ya Iringa yanayokaa kama ng'ombe waliolala, na upepo wake ulikuwa unapita katikati ya koti na mwili. Nyuma kulikuwa na jiko, na nyuma ya jiko vyumba viwili vilivyounganika: cha kufulia, chenye sakafu ya saruji na beseni la mawe, na cha pasi, chenye dirisha moja na meza ndefu iliyofunikwa blanketi. Kati ya hivyo viwili palikuwa na mlango usio na ubao. Mpishi wetu, Mhehe mmoja aitwaye Mgaya, ndiye aliyetundika shuka kuukuu pale baada ya kuniona siku ya kwanza nimegandamana na ukuta kama mjusi. Shuka haikufika chini. Ilibakiza kiasi cha shubiri mbili, na katika nafasi hiyo niliiona miguu ya baba mkwe wangu kwa mwaka mzima. Viatu vyake vilikuwa vya tairi. Kidole gumba cha kushoto hakikuwa na ukucha. Niliijua miguu ile kuliko nilivyomjua mtu mwenyewe. Uso wake sikuwahi kuuona sawasawa hadi alipokuwa ndani ya jeneza, miaka mingi baadaye. Nilijua pia kikohozi chake cha kunionya kuwa anapita, na sauti ya maji aliyoyapuliza kwa mdomo juu ya mashati kabla ya pasi, fyuu, halafu kimya, halafu mvuke.

Mashine ilikuwa upande wangu. Nilipofika niliikuta tayari, nyeupe, ya mviringo, imesimama juu ya miguu minne yenye magurudumu, na juu yake rola mbili za kukamulia. Chini ya tumbo lake kulikuwa na mota, na mkanda wa mpira uliozungusha kila kitu. Ilitumia stimu, kama tulivyouita umeme siku zile. Memsabu alinifundisha kwa kidole na Kiswahili chake cha jikoni. Alinionyesha vitundu viwili vya mota, akashika kopo dogo lenye mdomo mrefu, akatia matone mbele yangu. "Subi, ona. Moja, mbili, tatu. Kila Jumatatu. Basi." Jina langu ni Subilaga, ila halikutosha mdomoni mwake. Nikaitikia, na kila Jumatatu baada ya kuchemsha nepi nilitia matone matatu, nikijiona nimepewa jambo kubwa.

Kabla ya mashine, nguo zote za nyumba ile zilifuliwa kwa mikono ya Dobi. Sasa alibakiwa na pasi. Mgaya hakuacha kumchokoza wakati wa chakula. Wanaume walikula nje ya jiko, mimi na mke wa Mgaya ndani, tukiwasikia kupitia dirishani.

"Mzee, umemsalimia mwenzako leo? Yule dobi asiyekula?"

"Asiyekula," nilisikia sauti ya mkwe wangu, taratibu, "hana mshahara wa kumkata akikuchania shuka."

"Lakini haugui, mzee. Wala haombi ruhusa kwenda kuzika shangazi."

"Ngoja. Kila chenye kuzunguka kinaugua."

Mgaya akacheka mpaka akapaliwa na kande. Mimi sikucheka. Neno lile, *ngoja*, nililiweka. Wiki chache baadaye lilinirudia kwa namna mbaya.

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya kuuma meno, na memsabu alitoa blanketi zote zifuliwe. Mashine ilizunguka vizuri mwanzoni, kisha ikaanza kulia kwa sauti nyembamba, na harufu ya mpira ikapanda kutoka chini. Nilivuta plagi nikapiga kelele. Memsabu alikuja na mtoto begani, akainama, akanusa, akasema tujaribu bila nguo. Tukajaribu, hakuna harufu. Tukatia nepi tano, hakuna. Tukatia blanketi moja, ikalia tena na kunuka. Bwana aliporudi jioni alisema nguo zimezidi, tuweke nusu. Tukaweka nusu, na baada ya wiki ikanuka kwa nusu ile ile. Mgaya akasema ni panya amefia ndani. Tukailaza mashine ubavu, tukachungulia na taa, hakuna panya. Bwana akasema atamwita fundi akirudi safarini, akaenda Mbeya kikazi kwa wiki mbili. Mimi nilikuwa na mawazo yangu. Kwetu baiskeli ikilia ina kiu. Jumatatu iliyofuata sikutia matone matatu. Nilitia matano, na iliyofuata saba, na sikumwambia mtu.

Hapo ndipo nilipoliangalia kopo. Mimi nilikuwa naliacha rafuni, mdomo umeelekea ukutani. Asubuhi ya Jumatatu ile ya matone matano lilikuwa limeelekea dirishani. Nikalinyanyua, nikaliona jepesi. Nikajiambia nimesahau. Lakini shaka ikishaingia haikai kama mgeni, inapanga vitu vyako. Nilipokwisha kutia, nilichomoa ujiti wa fagio, nikauchovya ndani ya kopo, nikafunga uzi mahali mafuta yalipoishia, nikauficha nyuma ya sabuni. Alhamisi nikauchovya tena: yako pale pale. Jumatatu, kabla sijatia yangu, nikachovya. Yalikuwa yameshuka chini ya uzi upana wa kucha mbili.

Nilisimama na ujiti ule mkononi, nikasikia upande wa pili fyuu, na kimya, na mvuke.

Mchana nilimwambia mke wa Mgaya, naye hakuwa mtu wa kukaa na neno. Mgaya akaja kusimama mlangoni na mwiko wake. "Binti, hesabu mwenyewe. Mashine ikifa, nani anarudishiwa beseni? Mimi? Wewe na vidole vyako hivyo vya kula ndizi?"

"Wewe Mgaya," mkewe akamkata, "mdomo wako utakuponza."

"Sijamtaja mtu. Nimesema ahesabu."

Nikahesabu. Nilikumbuka *ngoja*. Nikakumbuka kwamba Jumatatu, nilipokuwa naingia na ndoo, niliiona miguu yenye viatu vya tairi ikitoka haraka upande wangu wa shuka kwenda upande wake. Tangu hapo kila kitu chake kilinitilia mashaka. Akikohoa mara mbili badala ya moja, nilijiuliza anaficha nini. Akinyamaza, niliona anasikiliza. Hakuna mtu rahisi kumshuku kama yule usiyeruhusiwa kumwangalia usoni. Ningeweza kumtuma mke wa Mgaya akamuulize, "Mzee, ni wewe unayetia mafuta?" Swali moja tu. Sikulituma, kwa sababu nilikwisha kulijibu mwenyewe.

Fundi wa stimu, Mhindi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, alikuja siku ya Jumatano, maana memsabu alichoka kumngoja bwana. Alivuta nyaya zote, akajaribu swichi, akafungua kifuniko cha chini, akaingiza mkono. Ulitoka umelowa mafuta hadi kwenye kifundo. Akauonyesha mkanda: unang'aa, umevimba, na upande mmoja umeungua kama ngozi ya nguruwe. "Memsabu, hii mashine mzima. Mafuta mingi sana. Mafuta nashuka kwa mkanda, mkanda nateleza, pale nazunguka bure nachoma mpira. Nani natia?"

"Subi," memsabu alisema. "Matone matatu."

"Hapana tatu hii. Hii mtu namwaga."

Memsabu alinigeukia. Alikuwa mwanamke mpole, lakini siku ile macho yake yalikuwa makavu. "Subi. Wewe tia ngapi?"

"Matatu, memsabu."

Huo ulikuwa uongo. Ndio uongo wa pekee katika habari hii, na ni wangu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama niliwahi kumwona Dobi karibu na mashine. Nikasema ndiyo, nimemwona, na mafuta yanapungua kabla sijatia. Huo haukuwa uongo. Lakini niseme yote kama yalivyo: nilifurahi kuusema ukweli ule. Nilikuwa nimechoka kuinama. Nilikuwa nimechoka kuzunguka nyuma ya jiko kwenye upepo ili nisipite mbele ya mlango wake, kula nikiwa nimeupa mgongo uwanja, kushtuka kwa kikohozi. Moyo wangu ulisema, akiondoka huyu, nitatembea wima. Nilimtoa kwa maneno ya kweli, na tamaa yangu ndiyo iliyoyasukuma.

Wakaenda chumba cha pasi. Niliganda nyuma ya shuka, na nilisikia kila kitu.

"Dobi. Wewe tia mafuta mashine?"

"Ndiyo, memsabu."

"Kwa nini?"

"Bwana aliniambia."

"Hapana! Bwana sema mimi. Mimi sema Subi. Bwana hapana sema wewe."

"Aliniambia, memsabu. Siku mashine ilipokuja."

"Wewe taka haribu. Wewe hapana penda mashine. Hata Subi naona wewe."

Miguu ile, ambayo ilikuwa imesimama ikimwelekea memsabu, ikageuka kidogo upande wa shuka. Upande wangu. Kidole kisicho na ukucha kilinyanyuka, kikashuka. Nilingoja ajitetee. Nilingoja anilaani, maana laana ya mkwe nilikuwa naiogopa kuliko kufukuzwa. Alisema tu, "Kama yeye ameona, basi ameona."

Aliambiwa aweke pasi chini, akae kotani, kwenye vyumba vya watumishi, hadi bwana arudi Jumamosi, kisha aende kwao. Fundi alifunga mkanda mpya, akafuta mota, akaondoka. Na mimi nikapewa kazi ya pasi.

Hivyo Alhamisi, kwa mara ya kwanza, nilisogeza shuka ile nikaingia chumba ambacho kwa miezi nilikuwa nimeketi mita mbili kutoka kwake. Kilikuwa safi kuliko changu. Mkaa umepangwa kwa ukubwa. Kopo la wanga limefunikwa na sahani. Nilitia makaa katika pasi, nikaenda dirishani kupepea, na hapo nikaona ukuta. Kando ya fremu, mahali ambapo mtu aliyesimama mlangoni hawezi kuona, kulikuwa na vidoti vya mkaa. Vidoti vitatu. Chini yake vitatu. Chini yake vitatu. Mstari kwa mstari, vimenyooka kama vifungo vya shati, kutoka usawa wa kichwa cha mtu mrefu hadi kiunoni pangu. Mkwe wangu hakujua kusoma. Nilianza kuhesabu mistari, na nilipofika idadi ya Jumatatu zangu zote tangu nifike Iringa, ilikuwa imebaki mingine minane juu. Alianza kabla yangu. Alianza siku ile mashine ilipofika, kama alivyosema. Na mistari miwili ya mwisho haikuwa na vidoti vitatu. Mmoja ulikuwa na vitano, mwingine sita. Naye alikuwa amesikia mashine ikilia upande wangu, naye akaona ina kiu.

Pasi iliunguza taulo wakati nimesimama pale. Nilisikia harufu, na sikusogea.

Mtu anayemwaga mafuta ili aharibu haandiki ukutani. Tulikuwa wawili, kila mmoja ameamriwa na mkubwa wake, kila mmoja akitia kwa uaminifu kila Jumatatu, yeye kabla ya jua kutoka, mimi baada ya nepi. Na kwa kuwa heshima ilitukataza kusemeshana, hakuna aliyejua kuwa mwenzake naye anatia. Nilimfuata memsabu saa ile ile. Alinisikiliza nusu, mtoto akilia. "Jumamosi, Subi. Bwana najua. Sema bwana."

Siku mbili zile nilikula bila kuonja. Mke wa Mgaya alinisogezea mboga ya maboga, akasema, "Utasemaje, na yeye atakuwepo?" Nilimwambia sijui. "Basi mwambie Mgaya akusemee." Nilimwita Mgaya. Akajikuna shingo. "Binti, mimi nilisema *hesabu*. Nikienda kusema nimehesabu vibaya, bwana ataniuliza nahusikaje." Akaangalia pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye kazi.

Jumamosi bwana alirudi na vumbi la barabara ya Mbeya mpaka kwenye nyusi. Tukaitwa barazani. Dobi alikuwa tayari amesimama chini ya ngazi na sanduku lake la bati. Nilivuta khanga ikafunika kichwa na uso, nikapanda nikiwa nimempa mgongo, nikapiga magoti nikiuelekea ukuta wa nyumba, nikaanza kuuambia ukuta ule. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama mashine yenyewe. Nilisema mzee hakumwaga. Nilisema nendeni mkaangalie dirishani. Nilisema mimi nami nimetia, na si matatu, nilitia matano na nikatia saba, na memsabu aliponiuliza nilidanganya. Nilisema kama kuna wa kurudi kwao, tuwe wawili.

"Kwa nini anaongea na ukuta?" bwana aliuliza.

"Ndiyo heshima yao, bwana," Mgaya alijibu, na kwa mara ya kwanza hakutania. "Huyu ni mkwewe. Hapa aliposogea tu, amekwisha kuvunja mengi."

Bwana alikwenda chumba cha pasi. Alikaa huko kitambo. Aliporudi uso wake ulikuwa mwekundu, akamwambia memsabu kitu kwa Kiingereza, kifupi, halafu akatuambia sisi kwa Kiswahili kwamba ni kweli, alimwambia Dobi siku ya kwanza, alikuwa amesahau. Kisha akacheka. Alicheka kwa nia njema, kama mtu aliyepata mwisho wa kitendawili. "Haya, Dobi, rudisha sanduku. Kuanzia sasa Subi peke yake." Kwao likawa limekwisha.

Kwetu halikwisha. Bwana aliweza kumrudishia pasi, lakini hakuweza kuyarudisha yale maneno, *hata Subi naona wewe*, mahali yalipotoka. Mkwe wangu alirudi kazini Jumatatu. Alikohoa kama kawaida alipopita. Alipuliza maji, fyuu. Lakini zile salamu alizozoea kunitumia kupitia kwa mke wa Mgaya, "mwambie amelalaje," zilikatika. Na sikumlaumu. Nilianza kushuku kitu kingine: kwamba anangoja mume wangu apite na lori ili amwambie mke aliyemwoa ni wa namna gani. Lori lilikuja. Niliangalia miguu yao wawili chini ya shuka, ya baba na ya mwana, nikasikia habari za mvua, za ndizi, za tairi lililopasuka Mbeya. Mume wangu akatoka akicheka. Lori likapita tena, na tena. Hakumwambia.

Nami sikutia mafuta. Sikuweza kulishika kopo lile. Jumatatu ya kwanza nililisukuma chini ya shuka, likabaki upande wake, katikati ya sakafu. Jumanne lilikuwa pale pale. Jumatatu ya pili liko pale pale, na viatu vya tairi vinalizunguka kama watu wanavyolizunguka jiwe. Mashine ikaanza kukwaruza, safari hii kwa ukavu wa kweli. Jumatatu ya nne niliingia na ndoo, nikakuta kopo limerudi rafuni. Juu ya mdomo wake mrefu kilikuwa kimebanwa kibanio cha nguo, cha mti, kimoja. Nilipiga magoti nikachungulia mota. Vitundu viwili, na pembeni ya kila kimoja alama mbichi ya mafuta, ndogo, safi. Nilikaa chini sakafuni. Sikuhitaji mtu wa kunitafsiria. Kibanio kipo: yametiwa, usitie.

Nilikitoa nikakirudisha kwenye kikapu cha vibanio. Wiki iliyofuata niliwahi mimi. Nilitia matatu, nikabana kibanio juu ya mdomo, nikalisukuma kopo chini ya shuka. Nilisikia hatua zikisogea, zikasimama. Kisha mkono ulishuka, mkono mrefu wenye mishipa, sikuwahi kuuona kabla, ukalinyanyua. Toka siku hiyo tulipeana zamu, wiki yake, wiki yangu. Harufu ya kuungua haikurudi tena nyumba ile. Bwana hakujua. Mgaya alijua, maana alijua kila kitu, akatangaza jikoni kuwa Wanyakyusa wameanzisha posta yao na stempu zao ni vibanio.

Sitasema alinisamehe. Sijui, na hakuna wa kuniambia sasa. Mume wangu amekufa bila kujua, kwa sababu baba yake hakumwambia na mimi sikumwambia, na miaka yote tuliyoishi pamoja nilikuwa nikijiuliza nani kati yetu wawili alikuwa akimtunza mwenzake kwa ukimya ule. Fundi aliyekuja kwa Neema amekuta mkanda umelegea kwa uzito wa blanketi. Hakuna aliyekusudia. Dada wa kazi bado hazungumzi na mtu, na nimemwambia Neema aende akamwombe radhi kwa mdomo wake mwenyewe, asimtume mtu, maana yeye anaweza.

Mwisho wa mwaka ule Dobi alisema mgongo umechoka, anarudi kulima. Aliondoka Jumatatu, na lori la mwanawe. Nilijikunja nyuma ya tangi la maji, khanga kichwani, mgongo wangu kwao. Nilisikia sanduku likipandishwa. Nilisikia akiagana na Mgaya, Mgaya akijifanya kulia. Kisha mkwe wangu akasema, kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika kwa mtu aliyesimama mbele yake:

"Mwambie mwenzangu, leo nimetia mimi."

Nilingoja vumbi litulie, ndipo nikaenda kuangalia. Kibanio kilikuwa mahali pake. Jumatatu iliyofuata ilikuwa zamu yangu. Nilitia matatu, nikabana kibanio, nikalisukuma kopo chini ya shuka, na nilikuwa nimekwisha kuchukua ndoo ndipo nilipokumbuka kwamba upande wa pili hakuna mtu. Sikulivuta. Nililiacha pale hadi jioni.